Sijui ya Bibi Semeni

Wiki iliyopita mlipokuja watatu, kalamu zimechomoza mifukoni na shikamoo zenu zikisukumana mlangoni, nilijua mna haja. Mkasema mmeajiriwa ukalimani pale boma, kwamba Bwana DC mpya hana hata Kiswahili cha kumwagizia mpishi wake chai, na kwamba mnataka mzee aliyefanya kazi hiyo enzi ya Mjerumani awape siri za kazi. Nikawajibu rudini baada ya siku saba, nitaandika. Nimeandika. Lakini yale maneno mliyoyatumia, siri za kazi, yamenikaa kooni siku zote saba, na mtakayoyasoma huenda siyo mliyoyafuata.

Nianze na mepesi, msije mkasema mzee kawalisha shubiri tangu mlangoni.

Mkalimani asimame. Ukikaa upande wa Mzungu, mshitakiwa anakuona hakimu. Ukikaa upande wa mshitakiwa, Mzungu anakuona mshitakiwa. Simama katikati, nusu hatua nyuma, mahali ambapo wote wawili wanaiona mikono yako. Usile kwa mtu mwenye shauri, hata ndizi moja, hata kama umeshuka kutoka Matombo kwa miguu na njaa inakusokota. Ukitaka kujua kama shahidi anadanganya, achana na macho yake. Kila mtu ameshafundishwa na mama yake kuyachunga macho. Miguu hakuna aliyemfundisha. Mtu anaweza kukutazama usoni akaapa kwa Mungu mmoja, na huku kidole gumba cha mguu kinachimba shimo.

Hayo si yangu, ni ya Mabruki. Mabruki alikuwa mkalimani mkuu pale boma, mtu wa pwani, mzee mwenye ndevu za hina na jicho moja zima. Nilikabidhiwa kwake nikiwa ndiyo kwanza nimetoka shule ya serikali huko pwani, nina kofia nyeupe na Kijerumani cha nyimbo na sarufi. Siku ya kwanza alinisikiliza nikizungumza, akacheka mpaka akashika mbavu. "Kijerumani chako kimepigwa pasi," akaniambia. "Hapa utakikunja tu."

Alinifundisha kusema "mimi". Ninyi nimewasikia pale barazani mkisema "anasema ameiba, anasema hakuiba." Hivyo sivyo. Mwizi akisema nimeiba, nawe sema nimeiba. Neno ni la mwenyewe, wewe ni mfereji tu, maji yanapita. Nikaishika amri hiyo kwa nguvu zote za ujana. Wiki ya pili akaja ofisa mgeni, kijana mwekundu wa jua, akakaa kusikiliza. Mwizi wa mbuzi akakiri. Nami nikatoa kifua, nikatamka kwa Kijerumani changu cha pasi: "Niliiba mbuzi wawili, mmoja nikamla." Yule ofisa akamkonyeza askari. Nikashikwa shingo, nikalazwa chini, kiboko kikaletwa, na "hamsa wa ishirini" ikaanza kutayarishwa, ndivyo tulivyoziita zile fimbo ishirini na tano. Mwizi wa mbuzi amesimama pembeni ananionea huruma. Mabruki alikuwa anataka kueleza lakini kicheko kilimzuia kusema, na nusura kicheko chake kinichune ngozi.

Chekeni sasa, maana baada ya hapa sina kingine cha kuwachekesha.

Amri ya pili ya Mabruki ilikuwa hii: mkalimani hana mdomo wake. Bwana akiuliza, unatoa jibu la shahidi. Shahidi akiuliza, unatoa jibu la Bwana. Ukiulizwa wewe, huna jibu. "Utatoka nje," Mabruki alisema, "mtu atakushika mkono, mwanangu, sheria inasemaje? Mwambie sheria iko ndani, imekaa kitini, nenda kaiulize." Niliona ni uvivu wa kizee. Mimi nilikuwa nimesoma. Watu wa milimani walikuwa watu wa mama yangu, na nilipenda waliponishika mkono.

Sasa lazima niwaeleze neno moja la watu hao, maana ndilo lililobeba haya yote. Neno lenyewe ni "sijui". Mjerumani aliyesikiliza mashauri, tuliyemwita Bwana Shauri, alilichukia kuliko homa. Nani alikata waya wa simu? Sijui, bwana. Mumeo amekwenda wapi? Sijui, bwana. Siku moja, kwa hasira, akamuuliza mzee mmoja jina la mto aliokunywa maji yake tangu azaliwe. Mzee akautazama ule mto, akafikiri, akasema, "Sijui, bwana." Mimi niliona haya. Nilimwambia Mabruki kwamba watu wetu ni wajinga.

"Wajinga?" akasema. "Wazungu wakishitakiana huko kwao wanakodi wakili mwenye joho. Hawa wakili wao ni neno hilo. Usiliguse."

Niliguswa na maneno hayo? Hata kidogo.

Baadaye ikapotea bunduki ya askari huko juu. Ikatafutwa, vijiji vikapekuliwa, na kabla watu hawajaanza kufungwa, padri wa misheni ya milimani akashuka nayo, imefungwa kwenye gunia, akaiweka mezani kwa Bwana Shauri. Aliyeiiba alikuwa ameungama kwake. Bwana Shauri akataka jina. Padri akasema hawezi. Bwana Shauri akapiga meza. Padri akasema hata akipigwa yeye badala ya meza, hawezi, kwa kuwa aliloambiwa pale aliambiwa kwa siri. Watu wote wa vijiji vile walikuwa wameitwa, wamechuchumaa uani wanatazama. Bwana Shauri akaagiza kitabu cha sheria, akafungua, akasoma kimya kimya huku masikio yakimwiva. Kisha akakifunga, akamwagizia padri kahawa.

Halafu akanigeukia mimi. "Waambie hawa waende zao. Waeleze kwamba sheria yetu inasema padri, wakili na tabibu hawalazimishwi kutoa siri waliyopewa kwa sababu ya kazi zao."

Nikawaeleza neno kwa neno. Hata wazee waliinua vichwa.

Nilipotoka, Bibi Semeni alinishika mkono. Huyu alikuwa kungwi mkubwa wa upande ule wa mlima, mama mfupi, mkavu, mwenye sauti ya taratibu. Mabinti wa vijiji vinne alikuwa amewaweka ndani, amewafunda, amewatoa wali. Kwa kila mmoja wao alibaki kuwa somo wake maisha yote. Ninyi mliokulia mjini hamjui uzito wake. Mwanamke akiolewa, ya chumbani kwake, ya moyoni kwake, ya mumewe, hamwambii mama yake mzazi, anamwambia somo wake. Na somo hatoi. Akitoa, hana tena kazi, wala hana tena jina.

"Mwana wa Zena," aliniambia, "sheria hiyo uliyoisema ni ya padri peke yake, au na sisi tunaotunza siri za watu imo?"

Jibu nililijua. Sheria iko ndani, imekaa kitini. Lakini alikuwa amenitaja kwa jina la mama yangu, na watu walikuwa wananitazama, na kofia yangu ilikuwa nyeupe siku ile. Nikasema, "Bibi, sheria ni moja. Siri ya kazi ni siri ya kazi. Padri ana wake, nawe una wako."

Akanishukuru kwa mikono miwili. Nakumbuka nilitembea kwa maringo mpaka mtoni.

Sijui mnielewe vipi. Sikudanganya kwa kutaka ubaya. Niliamini hivyo. Nilikuwa nimekisikia kitabu kikimshinda Bwana Shauri mbele ya macho yangu, na nikadhani kitabu kinachoweza kumnyamazisha Mzungu kitakuwa ni cha watu wote.

Miezi michache ikapita. Kule bondeni kulikuwa na shamba la pamba la mzungu mmoja, na watu wa milimani walipelekwa huko kwa zamu, kwa kupenda na kwa kutopenda. Kijana mmoja aitwaye Mkude alikuwa huko na mkewe, Tatu, mwenye mimba changa. Nyapara wa shamba akampiga Tatu teke kwa kuchelewa kwenye mstari. Mkude akamtwanga nyapara kwa mpini wa jembe, akakimbia. Nyapara akalala siku nne, akafa. Wengine walisema ni pigo, wengine walisema alikuwa na homa tangu zamani. Bwana Shauri hakutaka habari ya homa. Mtu aliyeua alitakiwa, na adhabu yake kila mtu aliifahamu.

Akaletwa Tatu kwanza. Nikauliza kama nilivyoulizwa: mumeo yuko wapi?

"Sijui, bwana."

Umemwona lini?

"Sijui, bwana."

Bwana Shauri akamtukana, nami nikayatafsiri matusi, na Tatu akaachiwa aende. Neno lilifanya kazi yake, kama Mabruki alivyosema.

Kisha akaingia Bibi Semeni, kwa kuwa jumbe wa kijiji alikuwa amesema huyo ndiye somo wa yule mke. Aliingia amejifunga kaniki safi, kichwa juu. Nilitazama miguu yake. Ilitulia kabisa, imekanyaga sakafu ya saruji kana kwamba ni uani kwake.

"Muulize," akasema Bwana Shauri, huku tayari anaandika. Alishajua jibu. Nadhani alikuwa ameshaandika herufi za kwanza. Nikauliza: unajua Mkude alipo?

"Ninajua," akasema Bibi Semeni.

Kalamu ikasimama.

"Ninajua alipo. Tatu aliniambia kwa kuwa mimi ni somo wake. Kwa hiyo sisemi. Sheria yenu inanikinga kama ilivyomkinga padri. Kijana huyu alinieleza."

Kisha nikatafsiri. Nilisema kwa "mimi", kama nilivyofundishwa: ninajua alipo, sisemi, mimi ni somo wake, niko kama padri. Maneno ya mwisho, yale ya kijana huyu alinieleza, niliyameza. Katika miaka yangu yote pale boma hayo ndiyo maneno ya kwanza kuyazuia, na niliyazuia kwa ajili ya ngozi yangu.

Bwana Shauri alicheka. Hakucheka kwa ukatili, nataka mlielewe hilo. Alicheka kama mtu aliyeambiwa kwamba mbuzi wake anataka kupanda garimoshi. "Mwambie," akasema, "sheria ile ni ya Wazungu. Hakuna kitabu kinachosema neno juu ya siri za wenyeji. Aseme alipo."

Nikamwambia. Akanigeukia mimi, si Bwana Shauri. "Lakini wewe mwanangu ulisema—"

"Nyamaza, bibi," nikamwambia kwa Kiluguru, kwa sauti ya chini. Bwana Shauri akauliza anasema nini. Nikajibu kwa "mimi": sitasema.

Mnaona nilichokuwa nimefanya? Watu wale walikuwa na ngao moja tu duniani, neno lenye silabi tatu. Bibi mzee, mwenye akili kuliko sisi sote mle ndani, aliivua ngao hiyo kwa hiari yake akaiweka chini mlangoni, kwa sababu nilimwambia kwamba ndani kuna nyingine ya chuma. Angesema sijui, angekula matusi yake akapanda mlima kabla ya jua kali. Sasa alikuwa amesema ninajua, na neno hilo halirudi.

Akatiwa mahabusu. Hakupigwa, walikuwa na amri ya kutowapiga wanawake. Alinyimwa jua tu, na mtama aliokuwa akila ulipunguzwa, na kila asubuhi niliingizwa kumuuliza swali lilelile, naye alijibu jibu lilelile. Nilikuwa nikitoka pale nakwenda kujificha nyuma ya ghala. Mabruki alinikuta siku moja. Hakuniuliza. Alinipa maji, akasema, "Mdomo wako ulifunguka, siyo?" Nikakubali kwa kichwa. Akaniambia, "Basi ufunge sasa, kwa sababu kinachofuata ni kibaya zaidi."

Kilichofuata kilikuwa mchana wa siku ya tisa. Bwana Shauri aliniita, akaniambia niingie peke yangu, bila askari. "Watu wa mlimani wanakupenda," akasema. "Zungumza naye kwa upole."

Nikaingia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, amekonda, macho yamekuwa makubwa. Nikamwamkia, akaitika marahaba. Kisha akauliza, "Umekuja kama mkalimani, au umekuja kama Selemani mwana wa Zena?"

Nikasema, "Kama Selemani, bibi." Naapa kwamba wakati nilipolisema lilikuwa kweli.

Akanivuta sikio karibu. Askari walinzi walikuwa wakizungumza mlangoni wakidhani bibi kizee hasikii, naye alikuwa amesikia kwamba kuna watu wamefichwa kijijini kumvizia Tatu atakapobeba chakula. "Mwambie Tatu asiende tena kwenye msitu wa tambiko la ukoo wao," akanong'ona. "Amtumie mumewe neno ashuke upande wa pili, mpaka Kisaki, kwa watani wetu. Sina mwingine wa kumtuma. Nimekwambia wewe kama ninavyomwambia binti niliyemfunda. Umenielewa?"

Nikamwambia nimekuelewa, bibi.

Kutoka mahabusu mpaka ofisini ni hatua arobaini. Katika hatua hizo nilikuwa nimeazimia. Nilikuwa nimeshapanga kwamba kesho ni siku yangu ya mapumziko, nitapanda mlima kana kwamba namwona mjomba, nitapita kwa Tatu. Nilikuwa hata na furaha, Mungu anisamehe, kwa kuwa niliona nimepata namna ya kulifuta kosa langu.

Bwana Shauri aliweka kalamu chini. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Ndiyo?"

Kidole gumba cha mguu wangu kikaanza kusugua saruji.

"Amekwambia kitu," akasema. Naye alikuwa amejifunza kutazama miguu. "Selemani, wewe si padri. Wewe si tabibu. Wewe ni mkalimani wangu. Amesema nini?"

Vijana, nilijua kusema sijui. Nilijua kulisema kwa Kiluguru, kwa Kiswahili na kwa Kijerumani. Wanawake wasiojua herufi hata moja walilisema mbele ya mtu yuleyule, kwenye sakafu ileile, na mimi msomi nilishindwa. Nimetafuta sababu kwa miaka mingi. Zamani nilikuwa nikisema niliogopa kiboko, lakini hakuna aliyenitajia kiboko. Nilikuwa nikisema ni amri ya kazi, mfereji hauzuii maji, lakini nilishayazuia siku ile yaliyonihusu. Ukweli ni kwamba aliniita kwa jina langu kwa upole, akanitazama kama mtu anayemtegemea mtu wake, na sikuweza kuvumilia kuonekana mbaya machoni pake. Nilisema yote. Msitu wa tambiko, Tatu, Kisaki. Nilisema kwa "mimi", kwa mazoea.

Kule kwenye tambiko hakuna mwongoza njia wa milimani ambaye angekubali kupeleka askari. Ndiyo maana alifichwa huko. Wakatumwa askari wa kutoka mbali, wasioijua mizimu ya watu. Walirudi naye siku ya tatu, amefungwa mnyororo shingoni.

Shauri lake lilikuwa fupi. Idhini ya kumnyonga ikaja kwa waya kutoka kwa wakubwa wa pwani. Mimi ndiye niliyemsomea hukumu, uani, mlima Lupanga umejifunika wingu mpaka kiunoni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Nani alisema?"

Bwana Shauri akataka kujua anasema nini. Hapo, kwa mara ya kwanza tangu Mabruki anifundishe kazi, sikutumia "mimi". Nikajibu: anauliza nani alisema.

"Mwambie halimhusu."

Nikamwambia. Mkude akatikisa kichwa pole pole. "Basi ni bibi," akasema. "Zaidi ya mke wangu hakuna mwingine aliyejua." Sikulitafsiri hilo, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza. Alikufa nalo, mbele ya boma, kesho yake asubuhi.

Bibi Semeni akafunguliwa siku hiyohiyo. Fikirini wenyewe namna lilivyoonekana. Alikuwa amesema mbele ya watu wote wa boma kwamba anajua. Akafungwa siku kadhaa. Mkude akakamatwa, akanyongwa. Na yeye akatoka, akapanda mlima kwa miguu yake. Mngekuwa ninyi mngesema nini?

Baada ya mwezi nilipanda. Safari hii nilikwenda kweli, na nilikwenda kusema. Nilikuta wazee wa ukoo wa Tatu wamekaa barazani kwa Bibi Semeni, na Tatu mwenyewe yuko ukutani, tumbo limeanza kuonekana, hatazami mtu. Nikapewa kigoda, mtu wa boma. Bibi Semeni akaniona. Sikuweza kumtazama, na kwa kutomtazama huko alielewa kila kitu. Nilimsikia akivuta pumzi.

Mzee mmoja akasema, "Bibi, tunakuuliza kwa heshima, na hii ni mara ya mwisho. Nani alisema?"

Nikafungua mdomo. Nawaapia niliufungua.

"Sijui," akasema Bibi Semeni.

"Mbele ya Mzungu ulijua," akasema yule mzee, "leo mbele yetu hujui?"

"Sijui, baba."

Wakainuka mmoja mmoja. Tatu alitoka wa mwisho, na alipopita aliivuta kaniki yake isimguse somo wake. Mimi nilibaki nimekaa, mdomo wazi, hauna kitu ndani.

Alinisindikiza mpaka penye migomba. Nikamuuliza, huku nalia, kwa nini hakunitaja. "Ulipoingia mahabusu nikakwambia siri, nilikufanya wangu," akasema. "Wangu simtoi. Nenda, mwanangu, usirudi huku."

Hakuletewa tena mwali hata mmoja. Miaka mingi, kungwi wa vijiji vinne alilima kibustani chake peke yake. Vita ikaja, Mjerumani akaenda, Mwingereza akaja, na bado Bibi Semeni akipita njiani watoto wanaitwa waingie ndani. Mimi nilikuwa napata habari zake kwa wauza ndizi. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitapanda, nitasema. Nilikuwa na mke, nikawa na watoto, nikawa na heshima mjini, mzee Selemani aliyefanya kazi boma. Hamjui heshima inavyokuwa nzito ukishaizoea.

Mwaka jana alifariki. Siku ya msiba wake akanijia mwanamke mmoja hapa nyumbani, anatweta, amekimbia. Alikuwa binti wa Tatu, yule aliyekuwa tumboni. Tatu mwenyewe ameshatangulia. Akaniamkia, akapiga magoti. "Babu, wewe ndiye pekee aliyebaki wa wakati ule. Wanataka wanawake wa kumwosha Bibi Semeni na hawapatikani. Wanasema alimtoa baba yangu. Mimi niko tayari kwenda kumwosha, lakini nataka kujua kwanza. Ni kweli alimtoa?"

Mnajua nilijibu nini. Lile neno nililoshindwa kulitamka siku lilipohitajika, siku hiyo lilitoka lenyewe, laini, halina hata mkwaruzo.

"Sijui, mwanangu," nikasema.

Akanishukuru, akarudi nyumbani kwake, hakwenda msibani. Bibi Semeni aliyewatoa wali mabinti wa milima ile alioshwa na wageni wawili waliokuwa wanapita njia.

Mliuliza siri za kazi, ndizo hizo. Leo Mwingereza ana kitabu chake, nacho nadhani kina ukurasa wa padri na wakili. Sijasikia ukurasa wa kungwi. Msimwambie mtu kwamba upo.

Nina ombi moja. Yule binti wa Tatu hajui kusoma. Anauza ndizi sokoni, upande wa mtoni, ana kovu dogo kidevuni, mtamjua. Mimi nimejaribu kwenda mara tatu na miguu imenirudisha. Chukueni karatasi hizi mkamsomee, mmoja wenu tu, na asome namna Mabruki alivyotaka, kwa "mimi". Aseme: mimi ndiye niliyemtoa baba yako. Askari hatakuja kumkamata kama nilivyokamatwa mimi na mbuzi zangu. Na yule mama akimtemea mate, asikasirike, afute tu uso. Mate hayo ni yangu.